Kupandikiza miche kwa mashine

Kupandikiza ni kuutoa mche kitaluni na kuupanda pale utakapokulia. Anayelima sukuma wiki au spinachi kwenye kivungulio, yaani nyumba ya plastiki ya kukuzia mimea, huko Kabete au Ruai anaijua kazi hii kwa mgongo wake: unainama, unatoboa shimo kwa kijiti, unatia mche, unashindilia udongo, unasogea. Ukiiachia mashine hatua hizo, zote au baadhi, ndiko kupandikiza kwa mashine.

Ziko za nusunusu, ambazo mtu hudondosha mche mmoja mmoja kwenye vikombe vinavyozunguka. Kikombe kikifika mahali pake hufunguka chini, mche ukaangukia kwenye mdomo wa chuma unaofanana na wa bata. Mdomo huo hujichoma udongoni, hupanuka na kuuacha mche, kisha magurudumu mawili hubana udongo huku na huku. Zilizo kamili huchomoa miche zenyewe kutoka kwenye trei, sinia zenye mashimo ya kuoteshea mbegu, kwa vidole vyembamba vinavyodunga kitonge cha udongo, au kwa kukisukuma kutokea tundu la chini.

Kitonge hicho ndicho kinachoamua mambo. Mkono wa mtu huona na kusamehe, mashine nyingi hazioni. Mche ukiwa mchanga mno, mizizi haijakishika kitonge na kinapukutika njiani. Kokopiti, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa yanayotumika badala ya udongo, ikikauka, vilevile. Na shimo la trei ambalo mbegu haikuota, mashine nyingi hupita nalo hivyo hivyo na kuacha pengo kwenye tuta. Jaribu hivi: shika mche shinani, uvute taratibu. Ukitoka na kitonge kizima kilichofumwa na mizizi myeupe, uko tayari.

Ndani ya kivungulio kuna shida nyingine: nguzo, nafasi finyu ya kugeukia, na moshi wa injini ya petroli usio na pa kutokea. Afadhali ya betri.

Sasa hesabu. Kivungulio cha mita 8 kwa 15, kipimo cha kawaida hapa Nairobi, ukipanda kwa sentimita 30 na kuondoa vijia, hakifikishi miche 1,000. Hizo ni trei tano za mashimo 200, na watu wawili huzimaliza asubuhi moja. Mashine hapo ni pambo. Ningenunua trei kwanza, maana ile miche ya kung'olewa, inayouzwa kando ya barabara ikiwa mafungu yenye mizizi mitupu, vidole vya mashine havina hata pa kuishika.