Karata za mashaka mwanzoni mwa mashindano ya poka mtandaoni

Karata za mashaka ni zile mbili unazogawiwa ambazo si nzuri kiasi cha kukuingiza mchezoni bila kufikiri, wala si mbovu kiasi cha kuzitupa bila kujiuliza. Ree na jeki za aina tofauti. Mfalme na malkia. Jozi ndogo kama 4 na 4. Nane na saba zote za kopa. Katika Texas Hold'em, ambayo ndiyo poka maarufu zaidi mtandaoni, kila mchezaji huunganisha karata zake mbili na tano zinazofunuliwa mezani, na kuna aina 169 za karata mbili za kuanzia. Ukipata ree mbili, zilizo bora kuliko zote, huhitaji kufundishwa cha kufanya, na ukipata 7 na 2, zilizo miongoni mwa mbovu kabisa, hali ni hiyo hiyo. Kazi iko kwa hizi za kati.

Mashaka yenyewe hayamo ndani ya karata. Ree na jeki ni zile zile saa ya kwanza na saa ya sita ya mashindano, lakini thamani yake hubadilika kufuatana na kiti ulichokaa, nani amekwisha kuongeza dau mbele yako, na una chipu ngapi, yaani vipande vya kuwekea dau, ukilinganisha na blaindi, yale madau ya lazima, moja dogo na moja kubwa lililo maradufu yake, yanayowekwa na wachezaji wawili kabla ya karata kugawiwa. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachotofautisha mwanzo wa mashindano na sehemu nyingine zote, kwa kuwa blaindi hupanda kadiri muda unavyokwenda.

Mashindano mengi huanza kila mmoja akiwa na chipu za kutosha blaindi kubwa 100, wakati mwingine zaidi. Mezani, kabla ya mtu kucheza, mara nyingi kuna blaindi ndogo na kubwa tu, jumla blaindi kubwa 1 na nusu. Ukiongeza dau na wote wakakimbia, akiba yako imekua kwa 1.5%. Mchezaji aliyebakiwa na blaindi 10 akifanya vivyo hivyo, akiba yake inakua kwa 15%. Huyo ana sababu ya kupigania kitita kidogo, yaani jumla ya madau yaliyo mezani, hata kwa karata za wasiwasi. Wewe uliye na 100 bado huna sababu hiyo, na unachohatarisha ni kikubwa mara nyingi kuliko unachokitafuta.

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mchezaji mpya hudhani hatari ya karata za mashaka ni kukosa. Kukosa ni bei nafuu. Karata mbili zisizo jozi hupata angalau jozi kwenye flopu, zile tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani, takribani mara 1 kati ya 3. Ukikosa unatupa, umepoteza blaindi mbili na nusu, maisha yanaendelea. Hatari kubwa ni kupata, lakini ukapata kitu cha pili kwa ubora.

Tuseme una ree na jeki, umekaa miongoni mwa wa kwanza kucheza. Unaongeza dau, mmoja nyuma yako anafuata. Flopu inakuja jeki, 7 na 4. Umepata jozi ya juu na ree ya kuisindikiza, nani asiyefurahi? Unaweka dau, anafuata. Karata ya nne, unaweka tena, anafuata. Ya tano inafunuliwa, unaweka, naye anasukuma chipu zake zote. Sasa jiulize ni karata gani zinamruhusu mtu kutia blaindi 100 mezani hapo. Malkia mbili alizozificha. 7 mbili, ambazo sasa ni tatu. 4 mbili. Walio na jeki dhaifu kuliko yako wengi walikwisha kujitoa njiani. Kitita kikiwa kidogo unashinda, kikiwa kikubwa unashindwa, na hiyo ndiyo tabia ya karata za mashaka akiba ikiwa nene. Flopu ikileta ree badala ya jeki, unaweza kumkuta mwenye ree na mfalme. Ree na jeki zikipambana na ree na mfalme hadi mwisho, hushinda takribani mara 1 kati ya 4.

Kuna na hesabu ya zawadi. Chukua shindano la meza moja, watu 10, zawadi zikigawanywa 50%, 30% na 20%. Kabla ya karata ya kwanza, fungu lako ni 10% ya zawadi zote. Ukisukuma chipu zote mara ya kwanza tu na ukashinda, chipu zako zimekuwa maradufu, lakini fungu lako halifiki 20%. Kwa kanuni iitwayo ICM, inayogeuza chipu kuwa thamani ya zawadi, linafika takribani 18.4%. Sababu ni kwamba hata ukizikusanya chipu zote za meza, utachukua nusu tu ya zawadi. Basi pambano la nusu kwa nusu linakupa wastani wa 9.2% mahali ulipokuwa na 10%. Unahitaji kushinda zaidi ya mara 54 kati ya 100 ndipo usipate hasara. Katika mashindano ya maelfu ya watu, tofauti hii ni ndogo sana mwanzoni, lakini tatizo la jeki na ree nililolieleza linabaki pale pale.

Je, zote zitupwe? Sivyo, na mimi sikubaliani na wanaosema mwanzoni ungoje jozi kubwa tu. Akiba nene inazipa uhai karata zinazoweza kugeuka kitu kikubwa kilichojificha. Jozi ndogo hupata karata ya tatu kwenye flopu takribani mara 1 kati ya 8 na nusu. Ukifuata kwa blaindi 2 na nusu huku wewe na mpinzani mna 100 kila mmoja, siku ikikubali unaweza kulipwa mara nyingi ya ulichotoa, na ikikataa unatupa bila kujiuliza. Nane na saba za kopa zina sifa ya namna hiyo, ingawa zinadai subira kidogo: kukamilisha kopa tano kwenye flopu hutokea chini ya mara 1 kati ya 100, na kopa nne za kungojea moja zaidi takribani mara 11 kati ya 100. Zicheze ukiwa wa mwisho kuamua, kwa bei ndogo. Ukikaa mbele, tupa.

Mtandao huongeza ugumu wake. Karata zinagawiwa haraka, saa ya kuamua inahesabu sekunde, na katika mashindano ya kiingilio kidogo utamkuta mtu anayesukuma zote karata ya kwanza. Kumfuata na mfalme na malkia kwa kuwa "huenda anatania" ni kulipa akiba nzima kununua udadisi.

Tena, anayejiandikisha kwa kuchelewa huenda akaanza na blaindi 25 tu, hivyo kwake huo mwanzo umeshapita. Ukibakiwa na blaindi 12, uko kwenye kiti cha mgawaji, ambapo nyuma yako wamebaki wenye blaindi mbili tu, na wote waliotangulia wametupa, ree na jeki hazina mashaka tena: sukuma zote.