Makamasi ya kijani hayadai antibiotiki

"Daktari, makamasi yameshakuwa ya kijani, niandikie amoksilini." Kila msimu wa baridi ni wimbo huohuo, na anayeuimba huwa ameshajipima mwenyewe akamaliza.

Rangi ile si bakteria. Seli nyeupe za damu zinapokimbilia puani kupambana na virusi, huja na kimeng'enya chenye madini ya chuma, na chenyewe ni cha kijani. Zikifa nyingi, makamasi yanachukua rangi yake. Mafua ya kawaida huanza na makamasi mepesi kama maji. Baada ya siku mbili tatu huwa mazito, ya njano au kijani, halafu hupungua, umeze kidonge usimeze. Aliyeanza amoksilini siku ya nne akapona ya saba huisifu dawa, kumbe mafua yalikuwa yanaondoka yenyewe. Dawa imemwachia kuhara, pengine na vipele, na bakteria wa tumboni waliozoea kuikwepa. Anayemeza vidonge vitatu vilivyobaki kwa jirani, huyo hata sijui nimwambie nini.

Antibiotiki hufikiriwa dalili zikipita siku 10 bila nafuu yoyote, au homa ya 39 na maumivu ya uso yakidumu siku tatu nne mfululizo, au ukipata nafuu kisha homa ikarudi. Kikohozi peke yake hakimo: kinaweza kukaa wiki 3. Ukihema kwa shida au kifua kikibana, usisubiri kesho.

"Chanjo ndiyo iliyoniletea mafua." Chanjo ya homa ya mafua (influenza) ya sindano haina kirusi hai, haiwezi. Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka, na haihusiki na virusi vya mafua ya kawaida.

"Nimepigwa na baridi." Bila virusi hakuna mafua. Baridi hutufungia ndani tukavuta hewa ya mwenzetu anayekohoa, fungua dirisha.

"Nikichanganya dawa nitapona upesi." Vidonge vingi vya mafua, hata poda za kukoroga, tayari vina parasetamoli. Ukiongeza ya pembeni, unapita kirahisi kikomo cha mtu mzima, gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ini ndilo linaloumia. Soma pakiti. Matone ya kuzibua pua nayo yasizidi siku 5, la sivyo pua itaziba kwa sababu ya matone yenyewe.