Sumaku ya Matabaka Kumi ya Atomi

Fungua diski kuu iliyokufa, mojawapo ya zile zinazorundikwa kwenye maboksi kwa mafundi wa kompyuta Kariakoo, utakuta sahani inayong'aa kiasi cha kujitazama usoni. Picha za miezi za kamera za duka zima zilikaa kwenye utando wa sumaku wenye unene wa nanomita 20 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Anayeuliza kwa nini walimu wa fizikia tunahangaika na vitu vidogo namna hiyo, huwa namwonyesha sahani hiyo.

Usumaku wa chuma hutokana na spini za elektroni, yaani tabia ya kila elektroni kuwa kisumaku chenye upande kinaoelekea. Kila atomi ni kisumaku, na atomi jirani hupatana kuelekea upande mmoja. Joto huvuruga mapatano hayo. Kwenye chuma huvunjika kabisa ikifika nyuzi joto 770 za sentigredi, kwenye nikeli karibu 358, kwenye kobalti zaidi ya 1,100. Hilo ndilo joto la Curie, na shuleni hufundishwa kana kwamba linategemea aina ya metali peke yake. Linategemea na unene pia.

Kisa ni majirani. Ndani ya chuma kila atomi ina majirani 8 wa karibu. Kwenye uso wa nje, fuwele (mpangilio wa atomi wa chuma) ikikatwa sambamba na upande wa mchemraba wake, atomi inabaki na 4. Abiria wa katikati ya daladala iliyojaa ameshikiliwa kila upande. Anayening'inia mlangoni huyumba kila breki. Kwenye bamba la geti la milimita 4 hilo si kitu: matabaka ya atomi ni kama milioni 28, na ya nje ni mawili tu. Kwenye utando wa matabaka 10, yaani nanomita 1.4, mawili hayohayo ni asilimia 20. Joto la Curie hushuka, na utando ukizidi kupunguzwa nalo huzidi kushuka.

Hata hivyo uso si mharibifu tu. Mwaka 1966 wanafizikia Mermin na Wagner walithibitisha kwamba kwenye tabaka bapa ambalo spini zake zina uhuru wa kuelekea kokote, mpangilio wa sumaku haudumu kwenye joto lolote lililo juu ya sifuri halisi, baridi ya kupita zote. Kinachookoa ni spini kuwa na upande zinaoupendelea. Na upendeleo huo, kama mwanafizikia Mfaransa Louis Néel alivyoeleza mwaka 1954, huweza kuletwa na uso wenyewe, kwa kuwa atomi zake zimekosa majirani upande mmoja. Kwangu hili ndilo tamu kuliko yote: upungufu uleule unaodhoofisha ndio unaoshikilia.

Kazi yenyewe ina adha zake. Chuma kikiachwa wazi hewani, hata kabla unyevu wa Dar haujakishughulikia, hujijengea oksidi ya nanomita 2 au 3. Utando wetu wa matabaka 10 ungeliwa wote au karibu wote. Kwa hiyo hutengenezwa ndani ya ombwe, mahali palipoondolewa hewa, na kufunikwa kabla ya kutolewa. Kifuniko nacho kina kauli. Platinamu ikigusana na kobalti nyembamba huzisimamisha spini wima. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walipata hali hiyo kwa mchanganyiko wa kobalti, chuma na boroni wenye unene wa nanomita 1.3 uliopakana na oksidi ya magnesi. Ukinenepa kidogo tu, spini hulala. Kwa matabaka ya aina hiyo hutengenezwa chipu za kumbukumbu zisizopoteza data umeme ukikatika.