Sato thelathini kwenye shimo la mita tatu kwa nne

Mabwawa mengi ya samaki ya uani huharibika siku ileile ya kununua vifaranga. Vifaranga mia wa gramu mbilimbili hutosha kwenye ndoo, na ukiwamimina bwawani hawaonekani, kwa hiyo mtu huongeza mia nyingine. Miezi mitano baadaye ana samaki mia mbili wa ukubwa wa kidole, na chakula kimekwisha. Idadi ihesabiwe kutoka mwisho, yaani kwa uzito ambao maji yatabeba siku samaki wakishakua.

Chukua bwawa la mita 3 kwa 4 lenye maji kina cha mita 1, lita 12,000. Bila mashine ya kupulizia hewa, napandikiza sato (tilapia) wawili hadi watatu kwa kila mita ya mraba, na huyo wa tatu ni wa mwenye kisima au bomba la uhakika la kubadilishia maji. Tuseme 30. Watatu wakifa au wakichukuliwa na ndege mdiria, 27 waliobaki wakafika gramu 250 baada ya miezi sita hadi minane, unapata karibu kilo 7 za samaki kwa kama kilo 11 za chakula cha kununua. Ni kitoweo cha nyumbani. Anayekuahidi faida ya biashara kwenye shimo la ukubwa huu anakuuzia vifaranga.

Kinachoweka ukomo ni oksijeni ya alfajiri. Mchana ule ukijani wa maji, yaani mwani, hutengeneza oksijeni. Usiku mwani, samaki na uchafu wa chini vyote huitumia, na kati ya saa kumi na saa kumi na mbili asubuhi huwa imebaki kidogo kuliko saa nyingine yoyote. Ukikuta samaki wamepanda juu wanachapachapa midomo kabla jua halijatoka, usiwape chakula siku hiyo. Punguza robo ya maji kutoka chini, ingiza mapya yakimwagika kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Wakiendelea hivyo baada ya saa tatu asubuhi, tatizo si oksijeni ya usiku tena. Angalia uchafu uliooza chini, au maji ya sabuni yaliyotiririka kutoka kwenye karo.

Shimo lichimbwe mita 1.2 ili ibaki sentimita 20 juu ya maji, na sakafu iinamie kona moja ambako utavuta maji machafu kwa mpira. Kwa turubai zito la plastiki la kutandika shimoni, chukua urefu na upana wa shimo, kila kimoja ongeza kina mara mbili, kisha nusu mita kila upande ya kufukia: hapa ni mita 6.4 kwa 7.4. Ondoa mawe na mizizi, tandika mchanga au viroba vikuukuu kwanza. Maji ya bomba yenye klorini yaache juani siku mbili kabla ya kuweka samaki.

Wiki moja kabla ya vifaranga, ili maji yarutubike yawe ya kijani, weka gramu 600 za samadi kavu ya kuku ndani ya kiroba, kining'inize majini, kitikise kila siku. Kipimo ni mkono wako: zamisha hadi kiwiko. Kiganja kikianza kupotea machoni wakati maji yanagusa kiwiko, ukijani unatosha. Kikipotea mapema zaidi, toa kiroba. Ukishaanza kulisha chakula cha kununua, maji yatajirutubisha yenyewe na samadi haina kazi tena.

Sasa vifaranga wenyewe. Sato jike huanza kutaga akiwa na miezi mitatu hadi minne, hubeba mayai mdomoni, na wakati huo hali wala hakui. Watoto wake nao hula chakula cha wazazi. Ndiyo maana watu hununua madume watupu, ambao pia hukua haraka kuliko majike. Vituo vya serikali kama Kingolwira, Morogoro, na Ruhila, Songea, huzalisha vifaranga, na wapo wazalishaji binafsi. Muulize muuzaji umri wao. Wapo wanaouza samaki waliodumaa kwa msongamano kana kwamba ni vifaranga: utawajua kwa kichwa na macho makubwa kuliko mwili, tumbo limebonyea. Hao mara nyingi hubaki nyuma hata ukiwalisha.

Kama umepata mchanganyiko, wakifika gramu 30 hadi 50 unaweza kuwachagua kwa mkono. Mgeuze samaki tumbo juu kwenye kitambaa kibichi, paka tone la wino au bluu ya kufulia nyuma ya tundu la haja, futa. Dume ana matundu mawili: la haja, na moja dogo kwenye ncha ya kinyama kilichochongoka. Jike ana matatu, na kinyama chake ni butu, chenye mpasuko wa kukingama. Utakosea kadhaa, kwa hiyo weka pia kambale wawili kuwala watoto wa sato watakaozaliwa. Kambale wawe wadogo kuliko sato wako, la sivyo watawala hao hao uliowanunua.

Mfuko wa vifaranga uelee bwawani dakika 20, kisha uingize maji ya bwawa kidogo kidogo, mwishowe watoke wenyewe.

Wakiwa gramu 20, wape asilimia 5 ya uzito wao kwa siku: samaki 30 ni gramu 30 tu. Wakiwa gramu 100 shusha hadi asilimia 3, gramu 90. Wakifika 200 ni asilimia 2, gramu 120. Gawa mara mbili, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Pima samaki watano kila wiki mbili kwenye ndoo yenye maji juu ya mizani. Kisichoisha ndani ya dakika 15 ni sumu ya kesho. Siku ya mawingu mazito punguza nusu.

Ukitaka kuchanganya mwenyewe kilo 5: dagaa wa kusaga kilo 1, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 1, mashudu ya alizeti kilo 1.25, pumba laini kilo 1.75. Soya mbichi huzuia mmeng'enyo wa protini, usiitumie. Dagaa wachekeche kwanza. Wa bei rahisi huwa na mchanga mwingi.

Nyanda za baridi kama Njombe, maji yakiwa chini ya nyuzi joto 20 ulaji hupungua sana na hesabu yote ya miezi hapo juu haifai. Funika bwawa kwa wavu kila mahali, si kwa sababu ya ndege tu: kambale hutoka usiku wa mvua, na kenge huingia.

Usisubiri wote wakomae. Kuanzia mwezi wa tano toa wakubwa wawili watatu kila wiki. Kila unayemla anawaachia wenzake hewa. Wakinuka tope, waweke siku tatu hadi tano kwenye pipa la maji safi bila chakula, ukibadilisha maji kila asubuhi, na ulifunike kwa wavu, maana sato huruka.