Umemaliza chuo cha uuguzi, leseni bado: jinsi ya kufika zamu ya kwanza bila kujiharibia

Cheti cha chuo hakikupi ruhusa ya kumdunga mgonjwa sindano. Ruhusa hiyo hutolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, na huipati mpaka ufaulu mtihani wa Baraza, uingizwe kwenye rejista, kisha upewe leseni ya kuhudumu. Wanafunzi wetu hulisikia hilo tangu muhula wa kwanza. Wasichokisikia vya kutosha ni kwamba mambo hayo hayafuatani kwa siku wala kwa wiki. Kati ya karatasi ya mwisho ya chuo na mshahara wa kwanza kuna miezi mingi, wengine hungoja mwaka na zaidi, na muda huo wote mhitimu hana mwalimu, hana msimamizi wa wodi, na mara nyingi mfuko ni mtupu. Sisi tunaofundisha uuguzi hapa Nairobi tumewaona vijana wenye alama nzuri na mikono mizuri wakijiharibia katika kipindi hicho. Ndiyo sababu ya makala haya.

Tuanze na jambo dogo linalochelewesha watu: majina. Jina lililo kwenye cheti cha KCSE, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, kwenye kitambulisho na kwenye kumbukumbu za Baraza lazima liwe lile lile, herufi kwa herufi. Baraza hukupa namba ya indeksi ukiwa bado mwanafunzi, na hapo ndipo pa kurekebisha tofauti yoyote. Ukingoja hadi wiki ya kuomba mtihani utajikuta unatafuta wakili wa kukuandikia hati ya kiapo huku wenzako wanasoma. Akaunti yako kwenye huduma za mtandaoni za Baraza ifungue mwenyewe, kwa baruapepe yako mwenyewe. Wapo waliofunguliwa na mwenye saiba, yaani duka la intaneti, na siku ya kuomba leseni nenosiri halijulikani na saiba imehama. Kitabu cha kumbukumbu za vitendo nacho kitiwe saini siku ile ile ulipofanya kazi. Mkunga aliyekusimamia ukizalisha pale hospitali ya uzazi ya Pumwani anaweza kuhamishwa kabla hujamaliza chuo, na hakuna mwingine anayeweza kutia saini kwa jambo ambalo hakuliona.

Sasa mtihani wenyewe. Wengi huuingia wakiwa wamekariri, na maswali yanamtaka mtu aamue. Chukua mfano kama tunaoutumia darasani. Mama amejifungua dakika 20 zilizopita. Shuka imelowa damu, na ukimshika tumbo unakuta mji wa mimba umelegea kama unga uliozidi maji. Utafanya nini kwanza: umpigie daktari simu, umwekee mpira wa mkojo, umtoe damu ya kupima kundi, au uanze kukanda mji wa mimba huku ukiita wenzako? Yote manne yamo katika matibabu ya mama huyu. Aliyekariri orodha anayajua yote na bado anaweza kukosea. Aliyeelewa kwamba mishipa inavuja kwa sababu msuli haujakaza ataanza kukanda hapo hapo na kupaza sauti, maana mkono wake ndio dawa iliyo karibu zaidi. Oksitosini ya kukaza mji wa mimba, dripu, mpira wa mkojo na ukaguzi wa kondo la nyuma na michubuko hufuata mikono mingine ikishafika. Kila unaposoma ugonjwa, jiulize: mgonjwa akiwa mbele yangu sasa, lipi likichelewa litamuua? Soma kwa kuanzia hapo.

Hesabu za dawa zifanye kila siku kwa kalamu, hata kama ni moja tu. Mililita 1,000 za dripu kwa saa 8, mpira wa dripu ukitoa matone 20 kwa mililita, ni matone 20,000 kugawanywa kwa dakika 480, yaani kama matone 42 kwa dakika. Mtoto wa kilo 8 akiandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo anahitaji miligramu 120. Kama dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, basi ni mililita 5. Hesabu ni nyepesi, lakini anayeifanya mara moja kwa mwezi hubabaika saa inapokimbia. Vivyo hivyo na salfeti ya magnesiamu kwa mama mwenye kifafa cha mimba: kabla ya kurudia dozi hakikisha anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuiondolea sumu magnesiamu ikizidi, iwe tayari karibu na kitanda. Tunayarudia haya mpaka wanafunzi wachoke nasi, kwa kuwa leo ni swali na kesho ni mama wa watu.

Kuhusu madaftari ya kurithi, tahadhari. Mwanafunzi hupewa noti na aliyemtangulia, naye alipewa na mwingine, na makosa hurithiwa pamoja nazo. Mfano ulio wazi ni uchungu wa kuzaa. Noti nyingi za zamani zinaanza awamu ya kasi pale mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 4, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2020 unaanzia sentimita 5. Uliza mwalimu wako ni mwongozo upi unaotumika, usitegemee daftari la kaka yako. Na anayekuuzia “karatasi” kwenye kundi la WhatsApp usiku wa kuamkia mtihani anakuuzia udanganyifu, iwe karatasi hiyo ni ya kweli au ya uongo. Ukipatikana nayo umeichezea taaluma yako kabla hujaianza.

Wapo watakaoshindwa karatasi moja au zaidi. Kurudia kunaruhusiwa, na wauguzi wazuri wapo waliorudia. Linalotuumiza ni kuona aliyeshindwa akijificha: anabadilisha namba ya simu, hapiti tena karibu na chuo, anasoma peke yake kwa njia ile ile iliyomwangusha. Rudi chuoni. Omba kuketi na mwalimu wa somo lile na kuingia kwenye maabara ya vitendo na darasa la sasa. Hakuna mwalimu mwenye moyo atakayekufukuza.

Ukishafanya mtihani, kungoja kunaanza, na hapa ndipo penye hatari kubwa. Kuanzia Kayole hadi Githurai, ukipita Umoja na Pipeline, kuna zahanati nyingi za binafsi. Nyingi zinaendeshwa kwa uaminifu. Chache zinatafuta mtu kama wewe: aliyesoma, asiye na leseni, mwenye deni la kodi ya nyumba. Unaambiwa uje “kusaidia saidia” kwa pesa kidogo, leseni utaileta ikitoka. Wiki ya pili unaachwa zamu ya usiku peke yako. Kwenye kitabu kunaandikwa namba ya leseni ya muuguzi mwingine ambaye hujawahi hata kumwona. Kisha saa nane usiku anashushwa mama kwenye bodaboda, uchungu umemkolea, nawe ndiye daktari, mkunga na mlinzi wa lango.

Kufanya kazi ya muuguzi bila leseni ni kosa la jinai. Likitokea jambo usiku huo, mwenye zahanati atasema alikupokea kwa nia njema na hakujua hujasajiliwa. Utakayeandika maelezo kituoni ni wewe. Na mama yule, ambaye aliona koti jeupe akaamini, hana wa kumlaumu atakayemrudishia alichopoteza. Tunaelewa njaa, tunaelewa kodi ya nyumba, na hatusemi haya kwa kuwahukumu. Lakini kama kuna jambo moja tungependa kila mhitimu alishike, ni kwamba usishike mgonjwa kwa kazi ya uuguzi kabla leseni yako haijatoka, kwa malipo yoyote na kwa ombi la mtu yeyote.

Fanya kazi nyingine halali isiyokutaka ujiite muuguzi. Mapokezi ya hospitali, kumbukumbu za wagonjwa, duka la shangazi Gikomba, zote ni kazi. Siku moja au mbili kwa wiki zitengee mikono yako: rudi kwenye maabara ya vitendo ya chuo, fanya kozi fupi ya kuokoa maisha, soma kisa kimoja na wenzako watatu au wanne kisha kila mtu atetee uamuzi wake. Kwa wazazi nao tuna neno. Mwanao anayekaa nyumbani baada ya chuo hajazembea. Majirani wakiuliza sista ameajiriwa wapi, wajibuni kwamba anangoja leseni. Shinikizo la nyumbani ndilo huwasukuma wengi kwenye zile zahanati.

Wenye shahada wana mwaka mzima wa uanagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa. Nafasi za serikali hupangwa na Wizara ya Afya na hutegemea bajeti, kwa hiyo kuchelewa kumekuwa jambo la kawaida. Fuatilia matangazo ya Wizara yenyewe, si ya kupokezana kwenye simu.

Kazi za hospitali za umma nyingi hazitoki tena Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kila kaunti kati ya 47 huajiri kupitia bodi yake ya utumishi wa umma. Hapa jijini, Mama Lucy Kibaki, Mbagathi na Pumwani ziko chini ya Kaunti ya Nairobi, ilhali Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta huajiri yenyewe. Mwenye stashahada kwa kawaida huanzia kundi la kazi H, yaani ngazi ya cheo na mshahara serikalini, mwenye shahada K. Usijifunge Nairobi. Tunawashauri wahitimu waombe Turkana, Kwale na Wajir kwa moyo ule ule, na tunasema hivyo kwa sababu muuguzi mpya katika hospitali ndogo hujifunza kwa mwaka mmoja mambo ambayo jijini huyaona kwa mbali. Hakuna nafasi ya umma inayouzwa; anayedai “pesa ya chai” ili jina lako liingie kwenye orodha ni tapeli, hata akiwa anaketi ndani ya ofisi. Usikimbilie pia kutafuta vyeti vyote vya Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uadilifu: cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi (DCI), na vile vya mikopo ya elimu (HELB), kodi (KRA), kupambana na ufisadi (EACC) na rekodi ya mikopo (CRB). Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamtaka mwajiri aviitishe anapokuwa tayari kukupa mkataba.

Kwenye hospitali ya binafsi, uliza mkataba kabla ya kuuliza sare. Ajira ya miezi mitatu au zaidi lazima iandikwe. Kipindi cha majaribio kisizidi miezi 6 bila wewe kukubali kiongezwe, na likizo ya mwaka isipungue siku 21 za kazi kwa malipo. Mshahara wa kwanza ukiingia, kagua makato: asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya nyumba, NSSF ya akiba ya uzeeni, na kodi. Kisha hakikisha michango hiyo imefika inakopaswa kufika.

Wodini, wiki za kwanza, watu watakukimbiza. Wagonjwa ni wengi na wauguzi wachache, na utaonyeshwa njia za mkato na watu wema waliochoka. Ya kwanza ni karatasi ya vipimo. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kukabidhi zamu, mtu anajaza joto la mwili 36.5 kuanzia kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, mapigo 80 kwa kila mmoja, na hakuna aliyeguswa. Msimamizi mwenye uzoefu huitambua safu hiyo akiwa mlangoni. Mgonjwa wa kitanda cha tisa aliyeanza kupata homa saa nane usiku hakupata wa kumwona, na asubuhi daktari anasoma kwamba alikuwa sawa. Ukishindwa kuwafikia wote, pima walio wagonjwa zaidi, wengine waachie nafasi tupu na useme wazi wakati wa kukabidhi. Nafasi tupu inamwambia anayekuja aanzie wapi.

Andika ulichofanya baada ya kukifanya, na saa uliyokifanya. Dawa usiyoijua iulize. Maagizo yasiyosomeka mrudishie aliyeyaandika, hata kama ni daktari bingwa na ana haraka. Ukikosea dozi, mwambie msimamizi dakika hiyo hiyo, kwa maana dawa nyingi zina muda ambao bado mgonjwa anaweza kusaidiwa.

Na ukichomwa na sindano iliyotumika, usiifiche ukiogopa kuonekana mzembe. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua, ripoti, na uanze dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi mapema iwezekanavyo. Baada ya saa 72 hazitolewi tena, na zikianzwa humezwa kwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ina dozi 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita. Kama hukuikamilisha ukiwa chuoni, iulizie siku ile ile unayoripoti kazini, kabla hujapangiwa wodi.