Mfuatano wa jimnastiki wa wawili wawili ni nini?

Mfuatano wa jimnastiki ni vitendo kadhaa vya mwili vinavyofanywa kwa mpangilio maalumu, kuanzia mkao wa kuanzia hadi mkao wa kumalizia, bila kukatika njiani. Ukifanywa na wawili, huongezeka sharti moja: kila mmoja amtegemee mwenzake kwa muda, kwa nafasi au kwa uzito. Watoto wawili wanaobiringita kwenye mkeka mmoja, kila mtu na lake, bado hawajaufanya.

Kwa darasa la tatu au la nne vitendo vinne au vitano vinatosha. Ukiwaachia wakusanye kumi watasahau mpangilio na kuanza kunong'onezana katikati ya onyesho.

Ugumu hauko kwenye vitendo, uko kati ya kimoja na kingine. Mtoto anabiringita vizuri, kisha anasimama, anavuta shati, anatembea hatua tatu, ndipo anaruka. Dawa yake ni kuwauliza: kitendo hiki kinakuacha katika mkao gani? Kubiringita mbele kunamwacha amechuchumaa, kwa hiyo kuruka juu kunafuata kwenyewe. Kubiringita kama gogo kunaweza kumwacha kifudifudi. Hapo asukume mikono ainue kiwiliwili, si kuhangaika kusimama. Waache wachore vijitu vya mistari kwenye daftari, mwisho wa kitendo kimoja ukigusana na mwanzo wa kinachofuata. Pengo litaonekana kabla hata hawajaingia uwanjani.

Kuhusu muda, wanaweza kufanya kwa pamoja, kupokezana, au kufanya kama mtu na kioo. Kioo ndicho kinachowachanganya: wakitazamana, mkono wa kulia wa mmoja huenda na wa kushoto wa mwenziwe. Wape kwanza vitendo vya mikono pekee, miguu baadaye.

Msawazo wa pamoja, yaani wawili kutegemeana ili wasianguke, ndio moyo wa kazi hii. Ule wa kuvutana hufanywa hivi: wanasimama wakitazamana, vidole vya miguu vikikaribia kugusana, wanashikana vifundo vya mikono (si vidole, vinateleza), kisha wanaegemea nyuma taratibu hadi mikono inyooke. Watulie kwa hesabu ya tatu. Msawazo ukivunjika, mara nyingi mmoja amekunja kiuno na kusukuma makalio nyuma, au ameegemea upesi kuliko mwenzake. Hata wasiolingana uzito wanaweza. Mzito aegemee kidogo tu. Kutoka ni muhimu vilevile: wanakunja magoti pamoja hadi wachuchumae, ndipo wanaachiana. Anayeachia ghafla humwangusha mwenzake chali.

Kubebana kwa uzito wote wa mwili si kwa umri huu. Wakitaka kuegemeana na aliyepiga magoti na kuweka mikono chini, mzigo uwekwe juu ya mabega au nyonga, kamwe si katikati ya mgongo. Pasipo na mikeka, tumia nyasi zilizokaguliwa mawe na miiba, na uache kubiringita mbele kabisa. Shingo haina mbadala. Kubiringita kama gogo kunatosha.

Darasa likiwa kubwa, nusu waonyeshe na nusu watazame wakiwa na swali moja tu, kwa mfano: je, walitulia hadi tatu? Ukiwaambia watoe maoni yoyote, watakwambia nani alichekesha.