"Mfumo umekula kazi yangu": wanafunzi, someni hapa kabla ya muhula kwisha

Muhula ukikaribia kwisha, lalamiko linalofika dawati la ufundishaji kwa mtandao huwa lilelile: "Nilituma, mfumo umekula." Tunajua hakuna anayependa kupata sifuri kwa kazi aliyoikesha. Ndiyo maana tunawaandikia ninyi mnaotumia Moodle, mfumo wa kusomea na kuwasilisha kazi mtandaoni, katika vyuo vya hapa Dar es Salaam, pamoja na wazazi wenu.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Mfumo hausomi saa ya Kiswahili. Mhadhiri akiweka mwisho wa kupokea kazi Ijumaa 00:00, ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa 6 kamili. Anayekuja Ijumaa saa 12 jioni amechelewa kwa saa 18. Vilevile 06:00 ni saa 12 asubuhi, wala si saa 6 mchana. Kagua pia ukanda wa saa kwenye wasifu wako, usomeke Afrika/Dar es Salaam. Ukanda huo ukisomeka Perth, Australia, walio mbele yetu kwa saa 5, kazi inayofungwa 23:59 utaiona inafungwa 04:59 alfajiri, nawe utalala ukidhani muda upo.

Kupakia faili si kuwasilisha. Tumelisema hili kila muhula. Pale mhadhiri alipoweka sharti la kitufe cha mwisho, faili ulilopakia hubaki rasimu mpaka ubonyeze kitufe cha kuwasilisha, ukubali tamko kwamba kazi ni yako, kisha uthibitishe. Usitoke kwenye ukurasa kabla hujaona hali ya kazi imebadilika kuwa imewasilishwa. Piga picha ya skrini hapohapo, saa ya simu ikionekana. Kuna tarehe mbili pia: ya kwanza ikipita, kazi hupokelewa lakini huandikwa kuwa imechelewa, ya pili ikipita, mlango umefungwa.

Uzito wa faili nao huangusha watu. Picha moja ya simu janja inaweza kufika MB 4, hivyo kurasa 12 ni karibu MB 48. Somo likiwa na kikomo cha MB 20, faili litakataliwa. Tumia programu ya kuskani, chagua nyeusi na nyeupe, toa PDF moja. Usizipitishe picha WhatsApp ili zipungue: hubanwa mno, na hesabu za penseli hazisomeki tena.

Kwenye jaribio lenye muda, saa inatembea kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, si kwenye simu yako. Bando likiisha au umeme ukikatika hosteli, dakika zinaendelea kuhesabiwa. Usianze kuhangaika na kikundi cha darasa. Ingia tena, fungua jaribio lilelile. Majibu huhifadhiwa kila unapohamia ukurasa mwingine, na kwa kawaida mfumo wenyewe huyahifadhi kila baada ya dakika 1 hivi.

Sasa ile asilimia ya Turnitin, programu inayolinganisha kazi yako na maandishi mengine. "Inaruhusiwa asilimia ngapi?" si swali la kuuliza. Ripoti inaonyesha mfanano, haitoi hukumu. Kazi yenye 30 inaweza kuwa na orodha ya marejeo na nukuu zilizotajwa vizuri tu. Yenye 8 inaweza kubeba aya nzima ya wizi. Na tafadhali, acheni kulipa steshenari "wakupimie" kwanza. Wakiipitisha kwenye akaunti inayohifadhi kazi, siku unayowasilisha mwenyewe utafanana na nafsi yako karibu asilimia 100. Kwa akili mnemba (AI), vifaa vya kuitambua hukosea, kwa hiyo ripoti yake peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani. Mhadhiri makini atakuita ueleze ulichoandika. Tunza rasimu zako zenye tarehe, na kama maelekezo ya somo hayasemi lolote kuhusu akili mnemba, uliza kabla ya kuitumia.

Nywila ni yako peke yako. Usimwachie kijana wa steshenari akuwasilishie, wala rafiki akufanyie jaribio. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Adhabu za chuo kwa udanganyifu katika mtihani zina utaratibu wake kando na hiyo.

Ukipata tatizo la kweli, lilete siku hiyohiyo, si baada ya matokeo kutoka. Andika namba ya usajili, msimbo wa somo, saa tatizo lilipotokea, na uambatishe picha ya skrini. Moodle hutunza kumbukumbu ya ulichofungua na ulichowasilisha, pamoja na saa na anwani ya mtandao uliotumia. Kumbukumbu zikionyesha ulikuwa ndani na seva ndiyo iliyoshindwa, mhadhiri anaweza kukufungulia muda wewe peke yako bila kulifungulia darasa zima.